Mwanga Unaopima Sumu: Vitone vya Nano na Risasi Katika Damu

Damu yenye madini ya risasi haitofautiani kwa macho na damu safi. Mtoto mwenyewe anacheza, anakula, anaenda shule, na pengine miaka inapita kabla mwalimu hajaanza kulalamika kwamba hashiki anachofundishwa. Ndiyo maana wazazi wa Owino Uhuru, mtaa ulioko Mikindani katika eneo la Jomvu, Mombasa, walipoanza kuhangaika na watoto wao hospitalini, hawakuhitaji tu kuambiwa kwamba madini ya risasi ni sumu. Walihitaji namba. Mwanangu anayo kiasi gani?

Kisa cha mtaa huo kinajulikana Kenya nzima. Kuanzia mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba za watu, na hadi shughuli zake zilipokoma mwaka 2014, moshi na vumbi lake lilikuwa limeshaingia uani na jikoni. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa humo, aligeuka mtetezi wa wakazi na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ulitenguliwa kwenye rufaa, kisha Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikaurejesha. Mawakili walibishana kuhusu mengi, lakini bila vipimo vya maabara kesi kama hiyo haina miguu ya kusimamia.

Risasi damuni huhesabiwa kwa maikrogramu katika kila desilita ya damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema mtu akifikisha 5, chanzo cha sumu kitafutwe na kiondolewe. Mtoto akifikisha 45, anastahili dawa ya kuishika risasi na kuitoa mwilini, na dawa hizo zina madhara yake, hazipewi mtoto kwa kubahatisha. Kuipata namba hiyo kwa uhakika kunahitaji spektrometa ya atomu. Hii ni mashine inayotaka gesi safi, umeme usiokatika, chumba kisicho na vumbi na mtu aliyesomea kuiendesha. Zahanati ya mtaani haina mashine hiyo wala haitaipata hivi karibuni. Sampuli husafirishwa mbali, na majibu yakasubiriwa.

Kwa zaidi ya miaka 20 sasa, wanakemia wamekuwa wakitafuta njia nyingine: chembe ndogo mno zinazong'aa zikimulikwa, na ambazo mng'ao wake unabadilika zikikutana na kitu kinachotafutwa. Makala za kisayansi kuhusu chembe hizo ni nyingi kupita kiasi. Kila moja inatangaza kihisi kipya cha risasi, cha zebaki, cha sukari, cha vitamini. Mimi naamini njia hii ina mashiko, na Pwani ni mahali ambapo ingefaa sana. Lakini mtu akiielewa vizuri ataona kwamba kung'aa si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuhakikisha mng'ao huo unajibu kitu kimoja tu, tena ndani ya damu.

Tuanze na mng'ao wenyewe. Nunua chupa ya maji ya toniki, iingize kwenye chumba chenye giza, uimulike kwa ile taa ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti. Maji yatang'aa buluu. Kinachong'aa ni kwinini, dawa ileile chungu ambayo wazee wetu walimezeshwa kwa ajili ya malaria, na ambayo kwenye toniki hutiwa kidogo tu ili kuleta uchungu. John Herschel aliueleza mng'ao huu mwaka 1845. Mwaka 1852 George Stokes akafafanua kinachotokea: molekuli inapokea mwanga wa urujuanimno, ambao jicho halioni, sehemu ya nishati inageuka joto, na inayobaki inatoka ikiwa mwanga wenye urefu mkubwa zaidi wa wimbi, ambao sasa jicho linauona. Ni Stokes aliyelipa jambo hili jina la fluoresensi, kutokana na jiwe la fluorspa linalong'aa vivyo hivyo. Yote hayo hutokea ndani ya nanosekunde chache, na taa ikizimwa mng'ao nao unakoma papo hapo.

Kwa nini basi wanasayansi hawakuridhika na molekuli kama kwinini? Kwa sababu rangi nyingi za kawaida huchoka. Zikimulikwa kwa muda huvunjika na kufifia, na rangi ya mng'ao wa kila moja imeshapangwa na maumbile yake. Chembe za nano zilileta uhuru mpya.

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Sasa chukua fuwele ya kadimiamu na seleniamu yenye upana wa nanomita 2: ukiimulika, inang'aa buluu. Iache ikue hadi nanomita 6, itang'aa nyekundu. Madini ni yaleyale na uwiano wake ni uleule, ila ukubwa umebadilika. Mpigaji udi katika taarab akibana uzi ili sehemu inayotetemeka ifupike, sauti inapanda. Elektroni iliyobanwa ndani ya fuwele ndogo nayo hulazimika kushika nishati ya juu, na nishati ya juu ndiyo buluu. Ikipewa nafasi zaidi, nishati inashuka kuelekea nyekundu. Fuwele hizi huitwa vitone vya kwanta. Alexei Ekimov aliona athari ya ukubwa ndani ya vioo vya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Louis Brus akaiona kwenye chembe zinazoelea ndani ya kimiminika, na mwaka 1993 Moungi Bawendi akapata njia ya kuzitengeneza zikiwa na ukubwa unaolingana. Watatu hao walitunukiwa Nobel ya Kemia ya mwaka 2023.

Vitone vya kaboni navyo vilipatikana bila kutafutwa. Mwaka 2004, nchini Marekani, watafiti waliokuwa wakisafisha masizi ili kupata mirija ya kaboni waligundua kwamba kwenye mabaki kulikuwa na kitu kinachong'aa. Tangu hapo utengenezaji wake umerahisishwa sana. Asidi ya sitriki, ile inayoipa ndimu ukali wake, inachanganywa na kemikali yenye nitrojeni, inatiwa kwenye chombo cha chuma kinachofungwa kabisa, na kupikwa kwa saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 200 hivi. Kinachotoka ni maji ya hudhurungi yasiyovutia hata kidogo. Yachuje, yapunguze makali kwa maji safi, uyawekee taa ya urujuanimno, na chupa nzima inawaka buluu. Mwaka 2016 watafiti wa India waliripoti vitone vilivyopikwa kwa maji ya nazi, wakavitumia kupima thiamini, yaani vitamini B1. Msomaji wa Mombasa atapenda kusikia hivyo, maana madafu hayatupi shida. Hata hivyo mimi nina wasiwasi na mapishi ya namna hii yanapoletwa kwenye vipimo vya hospitali. Sukari ya dafu changa si sawa na ya nazi iliyokomaa, na dafu la Kilifi si lazima lilingane na la Kwale. Kipimo cha mgonjwa kinataka vitone vya mwezi huu viwe sawasawa na vya mwezi ujao. Asidi ya sitriki ya dukani, inayouzwa kwa kiwango kinachojulikana, inaaminika zaidi hata kama haina mvuto wa habari.

Ipo pia dhahabu. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba atomu 25 hivi za dhahabu, zikishikiliwa ndani ya protini ya damu ya ng'ombe, hung'aa nyekundu, jambo ambalo kipande cha dhahabu cha sonara hakiwezi kulifanya. Zebaki ikiingia, mng'ao unazimika. Mtu wa Pwani atafikiria mara moja papa mkavu, kwa kuwa samaki wakubwa wawindaji hukusanya zebaki mwilini. Lakini zebaki ya samaki kwa sehemu kubwa imeungana na kaboni, haiko huru. Kihisi kilichojaribiwa kwa chumvi ya zebaki ndani ya maji kinaweza kuipita zebaki ya papa bila kushtuka.

Na yapo madini adimu, hasa yuropiamu, ambayo mng'ao wake mwekundu hauzimiki ndani ya nanosekunde bali huendelea hadi karibu milisekunde moja. Sifa hiyo ina thamani kubwa, nitaieleza punde. Kilima cha Mrima kule Kwale, kusini mwa Mombasa, kina akiba ya madini adimu iliyozungumzwa kwa miaka mingi, ila kutoka mwamba hadi yuropiamu safi ya maabara ni safari ndefu ya viwanda vya kutenganisha ambavyo hatuna.

Mng'ao peke yake haupimi kitu. Ili kitone kiwe kihisi lazima kipewe kitu cha kushika: molekuli iliyofungwa juu yake ambayo inakamata risasi, au glukosi, au protini fulani ya ugonjwa. Kisha kule kushika kuwe na athari kwenye mwanga. Njia nyepesi kuliko zote ni kuzima. Kitone cha kwanta kikivalishwa glutathioni, ambayo ni molekuli ndogo iliyomo hata ndani ya seli zetu, risasi inapokuja huing'oa glutathioni hiyo, kwa sababu risasi hupenda sana salfa. Kitone kinabaki na uso wenye majeraha, elektroni zinapotea kwenye majeraha hayo bila kutoa mwanga, na mng'ao unapungua. Kadiri risasi inavyoongezeka, mwanga unazidi kufifia, na upungufu huo unahesabika.

Njia ya pili ni kuhamisha nishati. Kitone kinachong'aa kikiwekwa karibu kabisa na chembe inayomeza mwanga, kinampa jirani yake nishati badala ya kuing'arisha. Theodor Förster alieleza hesabu yake mwaka 1948, na ukali wake ni wa kustaajabisha: uhamisho hushuka kwa kipeo cha sita cha umbali. Mahali ambapo nusu ya nishati inahama, ukiongeza umbali mara mbili tu inabaki kuhama kama asilimia 1.5. Maana yake, kusogea kwa nanomita chache kunatosha kuwasha au kuzima taa. Ukipanga mambo ili risasi ndiyo inayowatenganisha majirani hao wawili, umepata kihisi kinachowaka kinapoikuta.

Kati ya kihisi kinachozima na kinachowaka, mimi nachagua kinachowaka, na sioni kwa nini suala hili linachukuliwa kwa wepesi hivyo. Mwanga unaweza kufifia kwa sababu chungu nzima: shaba imeingia, chuma kimeingia, vitone vimegandana, taa imechoka, joto limepanda. Zote zitasomeka kwamba risasi ipo. Kihisi kinachowaka huwa na sababu chache za kudanganya. Bora zaidi ni chenye rangi mbili, moja inayobadilika na nyingine isiyobadilika, kisha kinachosomwa ni uwiano wa rangi hizo. Taa ikichoka, rangi zote mbili zinafifia pamoja na uwiano haubadiliki.

Sasa tuingie kwenye damu, ambako ndiko mambo yanakogeuka.

Kiwango cha 5 nilichotaja ni sawa na takriban nanomoli 240 za risasi kwa lita. Kwenye tone la maikrolita 50, ambalo ni damu ya kutoboa kidole, hizo ni kama atomu trilioni 7. Zinasikika nyingi hadi ukihesabu majirani zake. Himoglobini ya mtoto ina chuma, na kwa kila atomu moja ya risasi kwenye kiwango hicho kuna takriban atomu 30,000 za chuma. Zinki zipo kama 400. Na risasi yenyewe haielei ovyo: karibu yote imo ndani ya chembe nyekundu, imeng'ang'ania vimeng'enya na protini. Kitone cha nano kikimwagwa juu ya damu hakitaiona. Lazima kwanza chembe zipasuliwe, kisha asidi iivue risasi kutoka kwenye protini, kisha himoglobini iondolewe. Himoglobini isipoondolewa humeza mwanga wa zambarau na buluu, ule hasa ambao vitone vingi vinauhitaji ili ving'ae, na mpimaji atadhani mng'ao umezimwa na risasi kumbe umefunikwa na wekundu wa damu. Juu ya hayo, damu yenyewe ina molekuli zinazong'aa kivyake zikimulikwa. Hapo ndipo yuropiamu inapoonyesha faida yake: unamulika, unazima taa, unasubiri sehemu ndogo ya milisekunde mng'ao wa damu ufe, halafu ndipo unasoma. Kinachobaki kinawaka ni yuropiamu peke yake.

Na hapa kuna jambo ambalo linafaa kufahamika zaidi kuliko linavyofahamika. Damu ya mtu mwenye sumu ya risasi hung'aa yenyewe, bila kutiwa kitu chochote. Risasi huvuruga kiwanda cha kutengeneza himoglobini hatua ya mwisho, pale chuma kinapotakiwa kuingizwa katikati ya molekuli. Chuma kisipoingia, zinki inachukua nafasi yake, na molekuli inayotokea, zinki protopofirini, ikimulikwa kwa mwanga wa zambarau hutoa mng'ao mwekundu wa kuelekea chungwa. Katika miaka ya 1970 Marekani walitengeneza mashine ndogo ya kusoma mng'ao huo kwenye tone moja la damu. Haikuhitaji kemikali, haikuhitaji gesi, na ilipima watoto wengi sana. Ni karibu kila kitu ambacho leo tunakitamani kwa ajili ya Mikindani.

Iliachwa kwa sababu mbili. Kwanza, mng'ao huo hauonekani vizuri hadi risasi ipite kiwango cha 25 hivi, na mwaka 1991 mamlaka za afya za Marekani ziliposhusha kiwango cha wasiwasi hadi 10, mashine ikawa haioni kinachotafutwa. Pili, mtoto asiye na risasi hata kidogo lakini mwenye upungufu wa chuma naye hujaza zinki mahali pa chuma, na damu yake hung'aa vilevile. Pwani yetu, yenye malaria, minyoo na lishe ya shida, upungufu wa damu kwa watoto si jambo geni. Mama angeambiwa mwanawe ana risasi kumbe mtoto anahitaji vidonge vya chuma. Au kinyume chake angetulizwa kwa vidonge vya chuma huku sumu ikiendelea kuingia kutoka sakafuni. Mwanga ulikuwa wa kweli na mashine ilikuwa sahihi, lakini mwanga huo ulikuwa unajibu maswali mawili kwa wakati mmoja.

Ndiyo sababu mimi huvutiwa zaidi na anayeshika risasi kuliko anayeng'aa. Mwaka 1994 Ronald Breaker na Gerald Joyce walitangaza kipande cha DNA kinachofanya kazi ya kimeng'enya: kikipata risasi kinakata uzi mwingine, kikiikosa hakikati. Mwaka 2000 Jing Li na Yi Lu wa Chuo Kikuu cha Illinois walichukua DNA ya aina hiyo, wakaweka molekuli inayong'aa kwenye uzi mmoja na inayozima kwenye mwenzake. Risasi ikija, uzi unakatwa, kipande chenye mwanga kinaelea kando na kuanza kung'aa. Waliweza kuona hadi nanomoli 10 kwa lita. Baadaye wengine walibadilisha molekuli hizo wakatumia vitone vya kwanta na chembe za dhahabu, kwa kuwa dhahabu huzima mwanga kwa umbali mkubwa zaidi.

Tazama namba hizo vizuri. Tunahitaji kuona nanomoli 240, na kufikia mwaka 2000 tayari kulikuwa na kihisi kinachoona 10. Hatukukwama kwa kukosa wepesi wa kuona. Ila kihisi hicho kiliitambua risasi kwa zaidi ya mara 80 kuliko madini mengine, na hiyo ni sifa nzuri sana ndani ya maji safi. Kwenye damu, zinki imeizidi risasi mara 400. Mara 80 haitoshi mpaka zinki ipunguzwe kwanza, au itumike DNA yenye uchaguzi mkali zaidi, na kwa bahati njema ile ya mwanzo kabisa ya Breaker na Joyce ilipochunguzwa upya ilionekana kuichagua risasi kwa ukali mkubwa kuliko iliyotumika mwaka 2000.

Kwa hiyo ukisoma kwamba kihisi kipya kinaona kiasi kidogo mno cha sumu fulani, uliza kilipimwa ndani ya nini. Namba inayotangazwa, kikomo cha kuona, kwa kawaida hupatikana kwa kugawa mtikisiko wa kipimo kitupu, kisicho na sumu hiyo, ukizidishwa kwa tatu, kwa mwinuko wa mstari wa kalibresheni, yaani mstari unaoonyesha mng'ao unavyobadilika kadiri kinachopimwa kinavyoongezeka. Maji safi hayatikisiki sana, kwa hiyo kikomo kinatoka kizuri. Mara nyingine utasoma "sampuli halisi", halafu ukichunguza unakuta ni plazma, yaani maji ya damu yaliyoondolewa chembe, iliyopunguzwa makali mara 100 na kutiwa risasi na mtafiti mwenyewe. Risasi iliyotiwa asubuhi bado iko huru. Risasi iliyokaa mwilini mwa mtoto kwa miezi imeshajificha kwenye protini na mifupa. Hizo ni hali mbili tofauti kabisa.

Mazingira yetu nayo yana neno. Mng'ao wa vitone vingi hupungua joto linapopanda, na miezi ya kaskazi Mombasa hufika nyuzi 32 na zaidi mchana. Mstari wa kalibresheni uliochorwa kwenye chumba cha nyuzi 22 hauwezi kuletwa hapa ukatumika bila kuchorwa upya. Chumvi ni tatizo jingine. Vitone havigandani kwa sababu vina chaji zinazosukumana. Maji ya chumvi hufunika chaji hizo, vitone vinakaribiana, vinashikana na kutua chini. Anayetaka kupima maji ya visima vya kisiwani, ambavyo vingi vina ukakasi wa chumvi, atakutana na tatizo hili siku ya kwanza. Tiba yake inajulikana: kuvivalisha vitone koti la polima lisilotegemea chaji. Lakini koti likiwa nene linaweka umbali kati ya kitone na kinachopimwa, na umeshaona umbali unavyofanya.

Halafu kuna kidole chenyewe. Mtoto anayecheza kwenye udongo wenye risasi ana risasi kwenye ngozi na chini ya kucha. Sindano ikipita hapo, tone la damu linabeba vumbi la nje, na namba inaruka. Kwa hiyo mikono inaoshwa kwa sabuni na maji safi, kidole kinapanguswa, tone la kwanza linafutwa, la pili ndilo linalochukuliwa. Na namba ikitoka ya juu, damu ya mshipa inachukuliwa kuthibitisha. Hakuna kitone cha nano kitakachoondoa ulazima huo. Kipo kifaa kidogo cha mezani kinachopima risasi kwa umeme badala ya mwanga, kwa maikrolita 50 za damu na dakika tatu, na kinafanya kazi kubwa duniani. Lakini hata hicho, mwaka 2021 baadhi ya vipimo vyake viliondolewa sokoni Marekani kwa sababu vilikuwa vikitoa namba za chini kuliko ukweli. Namba ya chini ya uongo ni hatari kuliko kukosa namba, maana inamrudisha mtoto nyumbani kwenye vumbi lilelile.

Niseme pia kuhusu kadimiamu. Vitone vya kwanta vinavyong'aa vizuri zaidi vimetengenezwa kwa madini ambayo nayo ni sumu kwa figo na mifupa. Kiasi kilichomo kwenye kipimo kimoja ni kidogo sana, lakini vipimo vilivyotumika hutupwa, na takataka za Mombasa huishia Mwakirunge. Kupima risasi ya Mikindani kwa kupeleka kadimiamu Mwakirunge si jambo ninaloweza kuliunga mkono wakati kaboni ipo, hata kama mwanga wake ni dhaifu na rangi yake imetanuka.

Sisemi haya ili kumkatisha mtu tamaa. Fluoresensi si ngeni katika hospitali zetu. Mashine ya GeneXpert inayopima kifua kikuu husoma vipande vya jeni kwa molekuli zinazong'aa, na darubini za taa ya LED zinazotumia rangi ya auramini zilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2011. Ule mstari mwekundu wa kipimo cha haraka cha malaria ni chembe za nano za dhahabu, ingawa hizo huonekana kwa rangi yake bila kung'aa. Ukiweka chembe za yuropiamu mahali pa dhahabu na kisomaji kidogo cha mwanga, mstari uleule unaonekana kwenye vimelea vichache zaidi. Hata sukari: Marekani iliidhinisha mwaka 2018 kifaa kiitwacho Eversense, kinachopandikizwa chini ya ngozi ya mkono na kusoma glukosi kwa mng'ao. Hakitumii vitone vya nano, lakini kimeonyesha kwamba mwanga unaweza kuaminika ndani ya mwili kwa miezi. Glukosi ilitangulia kwa sababu ni nyingi: damuni inahesabiwa kwa milimoli, mara maelfu kuliko risasi.

Kwa risasi ya Mombasa, mimi ningeanza na udongo na vumbi la sakafuni. Humo hakuna himoglobini, sampuli inaweza kuchukuliwa mara kumi bila kumtoboa mtoto, na ikiyeyushwa kwa asidi risasi inatoka wazi. Vitone vya kaboni vyenye DNA ya kuichagua risasi, taa ndogo ya urujuanimno na kamera ya simu vinaweza kuonyesha uani kwa nani kuna sumu nyingi na wapi ni salama watoto kuchezea, na namba za kutiliwa shaka zikapelekwa kwenye spektrometa.

Damu ifuate baadaye, kwa jaribio lililopangwa vizuri: kila sampuli ya mshipa igawanywe mara mbili, nusu iende kwenye spektrometa na nusu kwenye kihisi, na anayesoma mojawapo asijue majibu ya mwenzake. Waingizwe watoto waliokaa karibu na chanzo cha risasi na wasiowahi kukaa karibu nacho. Waingizwe kwa makusudi wenye upungufu wa chuma, wengi iwezekanavyo, kwa sababu ni damu yao itakayoonyesha kama kihisi kinajibu risasi au kinajibu kitu kingine.